Mwongozo wa Kufungua Kampuni ya Matangazo Mji wa Kale Bila Kuchekwa Barazani

Kijana wetu, tumesikia umemaliza chuo, umenunua kompyuta ya mkononi, na umeamua kurudi kisiwani Mombasa kufungua kampuni yako ya kujenga majina ya biashara, kutafuta soko na kusimamia uhusiano na umma. Hongera. Ni kazi ya halali, ina riziki, na mji huu unaihitaji. Ila fahamu kwamba umekuja kuuza maneno kwa watu ambao maneno ndiyo mali yao. Hapa watu walikuwa wakinadi bidhaa, wakisifiana na wakichafuliana majina kwa ufundi kabla Mreno hajaanza kuijenga Fort Jesus mwaka 1593. Ndiyo sababu nimekuandikia mwongozo huu. Ukiufuata, wazee watakucheka kwa mengine, si kwa kazi yako.

Usianze kwa kukodi ofisi. Anza kwa kukodi nafasi barazani, ambapo kodi ni kikombe cha kahawa tungu na kipande cha haluwa. Nenda baada ya Alasiri au usiku baada ya Isha, Kibokoni, Kuze au Mkanyageni, popote ulipo na mjomba wa kukutambulisha. Toa salamu, mshike mkono kila aliyekaa, kuanzia mkubwa, kisha jikalie pembeni na simu iwe mfukoni. Kwa wiki za mwanzo usiseme lolote kuhusu kampuni yako. Sikiliza tu. Utasikia duka gani linapunja mizani, fundi gani hula advansi akapotea, mkahawa gani mchuzi wake umekuwa maji tangu mpishi wa zamani alipoondoka, na daktari wa meno gani ana mkono mwepesi. Kampuni kubwa hulipa watu watembee na fomu za maswali ili wapate habari za namna hii, na mara nyingi hawazipati. Mtu wa Mji wa Kale akiulizwa na mgeni mwenye fomu hujibu kwamba mambo yote ni mazuri, alhamdulillahi, kisha humkaribisha chai. Ukweli wenyewe huwekewa anayerudi kesho na keshokutwa.

Ukikaa vya kutosha utaacha pia kuandika kwenye ripoti zako kwamba mteja wako anawalenga "watu wa Pwani". Waswahili wa Mombasa peke yao wamejipanga katika Thenashara Taifa: Wakilindini, Wachangamwe na Watangana upande wa Thelatha Taifa, na upande wa Tisa Taifa wako Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa na wenzao. Hapo hujawataja Wamijikenda, wenye asili ya Hadhramaut, Wabaluchi, Mabohora, wala mamia ya maelfu waliotoka bara wakazaa na kuzika hapa hapa. Mama wa Bondeni na bwana wa Tononoka hununua mafuta yale yale ya kupikia kwa sababu tofauti kabisa. Kazi yako ni kuzijua sababu hizo.

Na baraza ni nusu tu ya mji. Nusu ya pili haikai njiani. Iko uani, iko kwa fundi wa nguo, iko kuukeni siku ya harusi, na ndiyo nusu inayoamua nyumba inunue nini, mtoto asome wapi na mgeni alale hoteli gani. Wewe mwanamume huingii huko, na usijaribu. Kwa hiyo kabla hujachora nembo ya kampuni yako, tafuta mwenzio wa kike, mpe hisa, si mshahara wa karani, na akisema tangazo hili litawaudhi kina mama, lifute siku hiyo hiyo. Tazama wanavyoalika harusi. Kadi zipo, na ujumbe wa WhatsApp upo, lakini nyumba inayojiheshimu bado hutuma wanawake wapite mlango kwa mlango wakaalike kwa mdomo. Aliyepata ujumbe wa simu peke yake ana haki ya kununa, na atanuna. Mteja wako akikuuliza kwa nini unataka kumtembelea kila muuzaji wake badala ya kuwatumia tangazo, mweleze hilo.

Sasa toka Mji wa Kale kwa miguu, pita Marikiti, uingie Biashara Street. Nenda ukiwa na nafasi, kwa sababu chuo chako cha pili kiko hapo, nacho kina umri mkubwa kuliko chuo ulichomaliza. Duka la Kaderdina Hajee Essak lilianza mwaka 1887 na bado linauza leso. Pembeni mwa nguo zake utaona maandishi madogo: K.H.E., Mali ya Abdulla. Wako wanawake, hapa na ng'ambo ya mpaka Tanzania, ambao hawatoi pesa kabla ya kuigeuza nguo na kuyaona maandishi hayo. Hawakushawishiwa na bango. Nguo ilifuliwa, rangi ikabaki, mama akamwambia binti, binti akamwambia mkaza mwana. Huko ndiko kujenga jina ambako ulifundishwa kwa mihadhara ya muhula mzima.

Lakini somo kubwa liko katikati ya nguo. Leso ina pindo lake linalozunguka, ina mji wake wa katikati, na ina jina, yaani lile neno la mstari mmoja. Mtunzi wa jina la leso ana nafasi ndogo kuliko utakayopewa na mteja yeyote. Hana picha ya kumsaidia wala muziki wa nyuma. Ana mstari mmoja, na kwa mstari huo lazima amfanye mwanamke atoe pesa zake mwenyewe avae maneno ya mtu mwingine mbele ya mji mzima. Tafakari hilo vizuri. Wewe unamlipa mtu atazame tangazo lako, mtunzi wa leso analipwa na mtazamaji.

Anafanyaje? Kwanza, maneno yale yana mlengwa. Yanasemwa na mtu kwa mtu: mke kwa mume, jirani kwa jirani, mama kwa mwana aliyesahau. Pili, yana nafasi ya kukanika. Jirani akikasirika, mvaaji anaweza kusema kwa utulivu kabisa kwamba alinunua kwa sababu ya rangi. Tatu, hayajamtaja muuzaji popote. Nakusihi uyapime matangazo yako kwa kipimo hiki: kaulimbiu uliyomtungia mteja, je, yuko mtu atakayetaka kumwambia mwenzake? Kama hakuna, umemtungia mwenye kampuni asome peke yake ofisini. Nimeona leso za makampuni zilizojaa nembo nne na namba za simu, zikigawiwa bure kwenye mikutano. Mwisho wake ni jikoni, zikishikia sufuria za moto, na sijawahi kumwona mtu aliyeivaa ya namna hiyo kwenda kumkomoa wifi yake.

Jambo jingine la leso ambalo wenye haraka hulipita: majina yake ya zamani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha yakahamia herufi za Kirumi wasomaji walipobadilika. Nguo zenyewe zimewahi kuchapwa Ulaya, Japani na India. Mashine ilikuwa ng'ambo lakini neno lilikuwa letu. Kama utanunua programu ya kuchora kutoka Marekani na kupeleka kazi ikachapwe Dubai, fanya hivyo bila wasiwasi. Neno tu lisitoke huko.

Ukitoka Biashara Street jioni utamsikia muuza kahawa kabla hujamwona. Anagonganisha vikombe vyake mkononi, dele likiwa mkono wa pili, na kila nyumba inajua kahawa imefika. Hapigi kelele, hamsumbui aliyelala, na anayetaka kahawa hutoka. Mpango wako wote wa redio uige heshima hiyo. Tangazo la sekunde 30 kwenye Radio Rahma, Baraka FM au Pwani FM haliongezewi nguvu kwa kupaza sauti ya mtangazaji. Huongezewa nguvu kwa kupita saa ile mwenye haja nalo yuko karibu na redio.

Mwalimu wako wa tatu alifariki yapata mwaka 1840. Muyaka bin Haji alizaliwa kisiwani hapa yapata mwaka 1776. Enzi zake Wamazrui waliitawala Mombasa na Seyyid Said wa Oman alikuwa akiitaka, na Muyaka ndiye aliyekuwa ulimi wa mji. Alitia watu wake moyo, akawakejeli mahasimu, akawajibu washairi wa upande wa pili, yote kwa beti fupi ambazo mtu aliweza kuzishika kwa kuzisikia na kuzipeleka mtaa wa pili. Ukimtazama kwa jicho la kazi yako, alikuwa idara nzima ya uhusiano na umma ndani ya mtu mmoja, bila bajeti.

Mjifunzie kwa pande zote mbili. Upande wa kwanza ni kwamba maneno yake hayakuzuia kushindwa. Mombasa na washirika wake wa Pate walipigwa vibaya na Lamu katika vita vya Shela, mwanzoni mwa miaka ya 1810, na mwaka 1837 mji wenyewe uliingia mikononi mwa Seyyid Said. Hakuna shairi linaloziba pengo la jeshi. Vivyo hivyo hakuna kampeni itakayoziba hoteli yenye kunguni. Mteja wa namna hiyo akija, mwambie anunue magodoro kwanza, na umwandikie kwa barua ili asije akasema hukumwambia. Upande wa pili ni kwamba sisi bado tunazo tungo zake. Mwalimu Sikujua alizihifadhi, mmishonari William Taylor akazikusanya pamoja naye, William Hichens akazichapisha kitabu mwaka 1940. Hazikudumu kwa kuwa zilimsifu mtawala. Zilidumu kwa kuwa Muyaka aliupenda mji aliousemea, na kwa kuwa pamoja na siasa alitunga pia kuhusu mapenzi, dhiki na mambo ya nyumbani ambayo kila mtu anayajua. Kwa hiyo chukua wateja ambao ungewasemea barazani hata kama hawakulipi. Wengine waache wapite.

Wako pia wa kuwaacha kwa sababu nzuri. Mama anayeuza mahamri na mbaazi asubuhi kwenye kona, bila bango, bila jina lililosajiliwa, na foleni imefika mlango wa tatu: usimguse. Usimpelekee pendekezo la kumtengenezea mifuko yenye nembo. Usimshauri afungue tawi Nyali. Jina lake limekamilika. Akikuomba ushauri, msaidie kupata kibali cha kaunti na umwonyeshe namna ya kuweka hesabu za malipo ya M-Pesa, kisha ununue mahamri yako uende zako. Mtu wa viazi karai jioni ni vivyo hivyo. Kampuni nyingi za matangazo huona biashara isiyo na nembo zikadhani imekosa kitu, na nyumba nyingi nzuri za chakula zimepoteza wateja wao wa siku zote kwa kujaribu kuonekana mpya.

Tuje kwenye kuta, kwa sababu hapa ndipo vijana wa fani yako wanapofanya uharibifu usiofutika. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi linalolindwa kisheria, na lina ofisi yake ya uhifadhi chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Kabla ya kugusa uso wa jengo la barabara ya Ndia Kuu, nenda ofisi hiyo, na leseni ya bango uichukue kaunti. Usiseme hukujua. Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta wa chokaa unapumua. Ukiupaka rangi ya plastiki inayong'aa kwa ajili ya kampuni ya simu, unyevu unanaswa ndani, plasta inavimba na kumeguka, na mteja wako atakuwa ameshahamia kampeni nyingine. Msumari wa bango la turubai hufanya kazi hiyo hiyo taratibu. Roshani za mbao zilizonakshiwa na milango ya kuchongwa ndizo zinazomvuta mgeni apande ndege. Usimfunike mgeni alichofuata. Ubao mdogo wa mbao, ulioandikwa kwa mkono na mchoraji wa mabango anayejua kazi yake, unaoning'inia mahali usipoziba nakshi, utaonekana vizuri zaidi kuliko turubai la mita sita. Tena mchoraji ni jirani, na malipo yake yanabaki mtaani.

Kuhusu rangi, uliza wenye nyumba. Mwaka 2018 serikali ya kaunti iliagiza majengo ya katikati ya jiji yapakwe nyeupe na kutiwa bluu, na mjadala ulizuka kila kona, kuanzia gharama hadi haki ya mtu kuchagua rangi ya ukuta wake. Mimi naiona ile nyeupe na bluu kuwa inapendeza jua linapoipiga. Lakini kupendeza si hoja yote. Mwenye ukuta akiulizwa mapema hununua rangi kwa hiari, na akiagizwa hutafuta wakili.

Au tazama zile pembe za ndovu za alumini zinazokutana juu ya Moi Avenue. Ziliwekwa miaka ya 1950, barabara ikiitwa Kilindini Road, kwa heshima ya wageni wa ukoo wa kifalme wa Uingereza. Leo ndizo picha ya kwanza ya Mombasa kwenye kila kadi na kila simu ya msafiri. Wabunifu hupenda kuzitaja kama ushahidi kwamba nembo nzuri haihitaji kuulizia mtu. Mimi nasema pembe zimepata miongo ya kusimama palepale, watu wakapita chini yake wakienda kazini, harusini na mazikoni hadi zikawa zao. Mteja wako atakupa miezi mitatu. Kauulize mji.

Picha nazo zina adabu yake. Usimpige picha mwanamke aliyevaa buibui akipita kichochoroni ukaiita "urembo wa Mji wa Kale". Usiwapige watoto wa madrasa kwa sababu kofia zao zimependeza. Omba ruhusa, eleza picha itatumika wapi, mwache asome, akikataa shukuru. Kama adabu haikutoshi, iko sheria: Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza klabu moja ya starehe shilingi milioni 1.85 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja shilingi milioni 4.55 kwa picha za watoto zilizotumika bila ridhaa ya wazazi. Ukikosea hapa, faini itakula faida ya mwaka wako mzima, na mama wa yule mtoto atakula jina lako kuukeni, ambako hakuna rufaa.

Mwezi wa Ramadhani ukikaribia, makampuni yatakuamkia yote kwa pamoja. Kila moja itataka hilali, taa za rangi na neno "Mubarak". Wakatalie kwa upole. Zile taa za fanusi zinazojaa kwenye matangazo ni za Misri. Mji huu una Ramadhani yake, na huhitaji kuazima. Una harufu ya viazi na kachri saa ya alasiri, una kimya cha barabara dakika chache kabla ya Magharibi, una watoto wakibeba sahani zilizofunikwa kwenda nyumba ya jirani, una vibaraza vinavyojaa baada ya Tarawehe hadi daku. Tangaza kutoka huko. Usiandae upigaji picha wa sharubati adhuhuri mbele ya mafundi waliofunga. Na mteja akitaka kutoa sadaka mbele ya kamera, akimpanga mjane ashike unga huku akitabasamu, mwambie atoe unga na kamera ibaki ofisini. Hili usilijadili kwa bei yoyote.

Kuna kazi moja ambayo haina mvuto wa picha lakini naiweka juu ya zote ulizosomea. Msajilie mteja wako alama yake ya biashara. Wafanyabiashara wetu wengi wakishapata cheti cha jina la biashara huamini wamemaliza. Hawajamaliza. Cheti kile hakimzuii mwingine kuitumia nembo yao kwenye bidhaa. Ulinzi huo hutolewa na Taasisi ya Umiliki wa Mali za Viwanda ya Kenya, KIPI. Ombi hukaguliwa, hutangazwa katika jarida la taasisi, na mwenye pingamizi hupewa siku 60. Likipita, ulinzi ni wa miaka 10, na huweza kuhuishwa tena na tena. Tunajua hatari ya kulala. Katikati ya miaka ya 2000 kampuni moja ya Uingereza ilijaribu kujisajilia jina la kikoi huko kwao, nguo ambayo babu zetu walijifunga wakienda baharini. Ilibidi Wakenya na marafiki zao wa kigeni waweke pingamizi hadi jaribio likaanguka. Disney nayo ilisajili "Hakuna Matata" Marekani kwa ajili ya mavazi, na mwaka 2018 watu wengi sana walitia saini ombi la kupinga, miaka mingi baada ya usajili wenyewe. Kelele za baadaye hazina nguvu ya fomu ya mapema. Jioni moja ya kumjazia fomu muuza achari wa Mji wa Kale itamfaa kuliko video kumi.

Itakuja siku ambayo huna cha kuuza. Jumapili ya Septemba 29, 2019, gari lilitumbukia kutoka feri ya Likoni na kuzama na mama na bintiye. Halikutolewa majini hadi Oktoba 11. Siku zote hizo watu walisimama ukingoni wakitazama maji, na nchi nzima ilingoja pamoja nao. Ukiwa na mteja ambaye msiba umetokea mlangoni kwake, sitisha kila tangazo, hata lile lililolipiwa. Mtu mkubwa wa kampuni aende kwa familia kwa miguu yake, kabla ya kwenda kwa waandishi wa habari. Kisha semeni mnachokijua, semeni nani anafanya nini sasa hivi, na mtaje saa mtakayosema tena. Saa hiyo ikifika semeni, hata kama habari ni kwamba hakuna jipya. Usimwandikie mkurugenzi sentensi ambayo mfiwa hawezi kusomewa usoni. Ukishindwa na hilo, achana na sehemu ya uhusiano na umma, ubaki na nembo.

Bei je? Utaitwa mwanangu na kila mteja, na kila mteja ataomba umfanyie ya kwanza bure, kwa kuwa alisoma na baba yako. Mheshimu kama baba, na umtoze kama mteja. Nusu ya malipo iingie kabla hujafungua kompyuta, mapatano yaandikwe hata kama ni ukurasa mmoja, na ndani yake itajwe mwenye haki ya kazi ikikamilika. Kazi ya bure ifanye kwa hiari yako mahali inapofaa: msikitini wanapochangisha paa, shule inapotafuta vitabu, jirani anapouguza. Jiunge pia na chama cha wenzio. Public Relations Society of Kenya ipo tangu mwaka 1971. Na kabla ya kuchapa chochote, rudi barazani na karatasi yako, mpe mzee mwenye sauti aisome, na mwenzio wa kike aisome upande wake. Wakicheka mahali ulipotaka wahuzunike, kazi haijaisha.

Nanyi wakubwa wa kaunti, bodi za utalii na wenye mahoteli, neno langu kwenu ni fupi. Mkitafuta tena watu wa kulitangaza jiji hili duniani, msiishie kwenye ofisi zilizo mbali na bahari. Wako vijana wa Kibokoni, Majengo na Bondeni waliokua wakisoma leso za mama zao kabla ya kusoma kitabu cha shule. Wapeni zabuni hiyo, na mkiwapa walipeni kwa wakati.